Vikombe Viliporudi

Kwa miaka kumi na minne muuza kahawa aliwapigia watu kelele warudishe vikombe vyake, na siku walipovirudisha vyote bila kupigiwa kelele, alitamani kukaa chini alie.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, saa ambayo meza yake huwa tupu. Vikombe vyake sitini na vinne, vyeupe vyenye mstari wa buluu ukingoni, wakati huo huwa vimetawanyika mtaa mzima: kwenye meza za cherehani, kwenye kaunta za viatu, madirishani mwa ofisi ya ardhi, chini ya kiti cha mlinzi wa benki. Ndivyo biashara yake ilivyokwenda. Alimimina, akapeleka mwenyewe kwa sinia, watu wakanywa huku wanafanya kazi zao, na saa sita akapita kuvikusanya akifoka. Fundi cherehani aliwahi kukaa na kikombe kimoja wiki tatu, akitilia chaki zake ndani, na alipobanwa akaapa kwamba ni cha mkewe.

Wa kwanza kufika alikuwa muuza viatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Siku hiyo sauti aliiacha dukani. Aliweka vikombe vitatu mezani, kimoja kikiwa bado na kahawa aliyopelekewa robo saa iliyopita.

"Vipi shoga, imepoa?"

"Haijapoa."

"Sasa mbona hujainywa?"

"Nimetosheka na ya redio," muuza viatu alisema, akageuka akaenda zake.

Muuza kahawa alibaki ameshika kile kikombe chenye kahawa. Redio. Hilo lilikuwa neno la nyumbani kwake, la ndani kabisa, na halikuwa na ruhusa ya kutoka nje.

Hajapata hata nafasi ya kufikiri, akaja karani wa ofisi ya ardhi na vikombe viwili, hakusalimu. Akaja fundi cherehani na vitano vilivyopandana, kile cha chaki kikiwa juu. "Nimekuletea leo," alisema, "usije ukasema nilikwambia kesho." Wakaja na wengine. Mwisho akaja mlinzi wa benki, mtu mzima, mrefu, koti la kazi limempauka mabegani. Yeye alikuwa na kikombe kimoja tu, na alikuwa amekiosha. Alikiweka taratibu, mkono wa kikombe ukimwelekea mwenye mali, kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba aliyohama.

"Ahsante kwa miaka yote, mama," alisema.

Hiyo ilimuuma kuliko zote. Mwenye hasira hurudi akishapoa. Mwenye adabu akiaga, ameaga.

Kufika saa nne, mezani palikuwa na vikombe sitini na viwili, wingi ambao hakuwahi kuuona mahali pamoja tangu siku alipovinunua. Birika lilikuwa limejaa hadi shingoni. Siku nyingine, saa nne huwa analijaza mara ya nne.

Ni muuza viatu aliyemtoa gizani, kwa sababu kunyamaza kulimshinda. Alirudi na kikombe cha karatasi cha kampuni ya ng'ambo, akakisimamisha katikati ya vile vyeupe. Ubavuni kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu nene: REDIO.

"Kimeletwa na kijana mwenye aproni ya rangi ya chungwa," alisema. "Amesimama mlangoni kwangu, wateja wamejaa, anaita, 'Kahawa ya bure ya Redio! Maziwa mengi, sukari moja!' Na kwa fundi ameita, na kwa karani ameita. Mimi nilishangaa kidogo tu, shoga. Mtu anayejua kwamba nanywa maziwa mengi na sukari moja, katika mji huu mzima, ni mmoja."

*

Duka la kampuni ile, upande wa pili wa barabara, watu walilipa jina la kuta zake za vioo, Kioo, kwa kuwa jina lake halisi lilikuwa la kigeni na kila mtu alilitamka kwa ulimi wake. Kampuni ilikuwa na maduka katika nchi nyingi kuliko ambazo mwalimu wa jiografia angezitaja kwa pumzi moja. Viti vilikuwa laini, hewa ya baridi, na kikombe kimoja bei yake ilikuwa ya vikombe sita vya huku. Muuza kahawa hakuwa amelihofia sana. Wanaokaa kwenye viti laini, alijiambia, si wale wanaoshona suruali.

Meneja wa Kioo alitaka na wanaoshona suruali. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, kompyuta haimtoki kwapani, aliyehamishwa kutoka mji mwingine miezi miwili iliyopita. Kitabu cha makao makuu kilimfundisha kwamba watu hawanunui kahawa, wananunua kujulikana, na mteja akisikia jina lake atarudi. Ndiyo maana pale Kioo huulizwa jina kabla ya kuulizwa unakunywa nini, nalo huandikwa kwenye kikombe cha karatasi. Kikombe chenyewe hakitakiwi kurudi. Kinatembea mtaani mkononi mwa mteja, kinaitangaza kampuni bila mshahara. Shida ni kwamba watu wa mtaa huu hawakuingia kuulizwa majina. Walikuwa wameshapelekewa kahawa kwenye meza zao.

Basi meneja akamwita mhudumu wake mmoja, aliyekuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, ambaye ni binti wa muuza kahawa.

"Wewe umekulia pale," alimwambia. "Niandikie watu arobaini, na kila mmoja anakunywaje. Mkataba wako uko mezani kwangu, imebaki saini tu."

Mkataba ulikuwa na bima ya matibabu ya mfanyakazi na wazazi wake. Baba wa binti alikuwa mpakiaji mizigo ghalani mpaka pingili mbili za mgongo zilipokataa, na sasa ni mwaka wa kumi na tano analala kwa ubavu mmoja. Daktari alikuwa ameshawatajia gharama ya upasuaji, wakamshukuru kwa heshima na kuondoka. Binti aliufikiria mgongo ule, akachukua kalamu.

Aliandika majina aliyoyajua. Hapo ndipo nyumba ile ilipojikwaa, na sidhani kama kuna nyumba nyingine ingejikwaa hapo. Kila jioni muuza kahawa alirudi na habari za wateja, na mumewe, asiyeweza kutoka, aliwabatiza mmoja mmoja huku anakaanga buni za kesho. Hakuwa amewahi kuwaona. Fundi anayewaahidi watu nguo zao kesho akawa Bwana Kesho. Muuza viatu, Redio. Karani aliyeapa mbele ya daktari na mke kwamba ameacha sukari, Sukari Nne. Mlinzi wa benki, anayeagiza nusu kikombe kwa kuwa mshahara wake unafika nusu, akaitwa Nusu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kicheko kile ndicho kilichokuwa dawa ya mgongo, kwa kuwa dawa nyingine haikuwapo. Binti alikua akiyasikia tangu akiwa mdogo, na majina mengine ya watu wale hakuwahi kuyasikia.

Meneja alipoisoma orodha, macho yalimng'aa. Alidhani ni majina ambayo watu wenyewe wanajiitia mtaani. "Hiki hasa ndicho makao makuu wanachokitafuta," alisema. Jumatatu asubuhi, binti akiwa bado nyumbani anasubiri zamu ya mchana, vijana wageni wa mtaa walitoka na vikombe arobaini vya bure, wakaviita kwa sauti kama walivyofundishwa.

"Bwana Kesho!" waliita kwa fundi, mbele ya wateja watatu wanaodai suruali tangu mwezi uliopita. "Sukari Nne!" waliita ofisini kwa karani, na kwa bahati yake mbaya mkewe alikuwa amempelekea miwani aliyoisahau. Kwenye lango la benki kulikuwa na foleni. "Nusu! Nani Nusu hapa?" Mtu mmoja kwenye foleni aliyemfahamu mlinzi akacheka, na wengine wakacheka kwa kumfuata.

*

Muuza kahawa alifunga meza saa sita, jambo asilowahi kulifanya ila siku za misiba. Alimkuta binti anapiga pasi aproni yake, na mumewe kwenye kigoda, kikaango mkononi.

"Umempa nani majina ya watu?"

Binti alimwangalia usoni, akaelewa yote kabla ya kuambiwa. Pasi aliisahau juu ya kitambaa mpaka ikaanza kunuka.

"Nilidhani wanataka kujua sukari na maziwa tu, mama. Sikujua wataandika."

"Si ungeandika fundi cherehani? Si ungeandika karani?"

"Humu ndani hakuna fundi cherehani. Tangu nikiwa mdogo kuna Bwana Kesho."

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa kuwa lilikuwa la kweli lilimkasirisha zaidi. Alitaka kumpiga kibao, akakumbuka kwamba mtoto ana miaka ishirini na miwili na anachangia unga. Baba akakiegesha kikaango juu ya jiko.

"Mwache mtoto," alisema. "Bwana Kesho ni wangu. Redio ni wangu, Sukari Nne ni wangu. Mimi ndiye niliyewabatiza."

"Na Nusu?" muuza kahawa aliuliza.

"Nusu ulikuja naye mwenyewe," mumewe alisema kwa upole. "Mwaka ule alipoanza kazi. Ulikuja unacheka kabla hujavua viatu."

Akakumbuka. Alikuwa amecheka kweli, tena hapo hapo mlangoni. Aliketi kitandani. Buni zilizoachwa kwenye kikaango ziliungua upande mmoja.

"Kesho napita mlango kwa mlango," alisema mwishowe. "Nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimeshaomba radhi."

"Tunapita wote," mumewe akasema.

"Na mgongo?"

"Mgongo haukumtukana mtu. Uliotukana ni mdomo, na mdomo hauwezi kwenda peke yake."

*

Walianzia kwa fundi. Safari ya hatua mia mbili iliwachukua nusu saa, mume ameegemea fimbo, jasho linamtoka, na mtaa mzima umeacha kazi kuwatazama. Alipofika mbele ya cherehani alijitambulisha bila kupepesa macho.

"Mimi ndiye niliyekuita Bwana Kesho. Nimekuja unitazame."

Fundi alimtazama kuanzia fimbo hadi kichwani. "Kumbe ndiye wewe! Hata sikujui, unanipaka matope tu ukiwa kitandani kwako?"

"Hunijui, lakini suruali yangu unaijua. Ya kahawia. Ililetwa kupunguzwa miguu."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Vijana wa cherehani wakainamisha vichwa, mabega yanawatikisika. Fundi akazama chini ya meza, akachakura maboksi, akaibuka na suruali ya kahawia yenye vumbi. Miguu ilikuwa bado mirefu. Alishika suruali mkono mmoja, hasira mkono wa pili, akashindwa kujua atangulize ipi.

"Niite fundi," alisema hatimaye. "Fundi inatosha. Na hii uje uichukue..." Akajizuia, akaketi kwenye cherehani. "Ngoja hapo hapo."

Karani aliwasikiliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye mafaili. Sasa alikuwa anakunywa chai kavu, mkewe ameficha hata sukari ya wageni. "Mngeniita basi hata Sukari Mbili," alisema kwa uchungu, "nikapata pa kujitetea." Muuza viatu alitaka kujua kwa nini Redio, akaambiwa kwamba taarifa yake hufika kabla ya tukio. Alijitahidi asicheke, akashindwa kwa pembe moja ya mdomo, kisha akasema atafikiri. Kila waliyempitia, muuza kahawa alimuuliza anapenda aitweje, akaandika kwenye daftari la shule alilolinunua njiani. Wengine walitaja jina, wengine wakataja mtoto wao wa kwanza. Mmoja alimfungia mlango.

Mlinzi wa benki, muuza kahawa alimwacha mwisho, kwa sababu alimwogopa. Alimwambia mumewe abaki amekaa dukani kwa muuza viatu. "Huyu ni wangu," alisema.

Mlinzi alimpa kiti chake, mwenyewe akabaki amesimama.

"Kaka, wale wengine aliwaita mume wangu. Wewe nilikuita mimi."

"Nimesikia unapita," mlinzi alisema. Aliangalia langoni, kazi yake ilimtaka aangalie huko. "Wenzangu mliwaita kwa tabia zao. Tabia mtu anaweza kuiacha. Mimi mliniita kwa mfuko wangu."

Muuza kahawa alikuwa amekuja na neno tayari: kwamba kuanzia leo atammiminia kikombe kizima kwa bei ya nusu. Lilikuwa limeshamfika kooni. Akamtazama alivyosimama, vifungo vya lile koti lililopauka vimefungwa vyote hadi juu, akajua kwamba akilitoa tu hatamwona tena mezani kwake. Akalimeza.

"Nimekosa," alisema. "Sina la kuongeza."

"Miaka sita nakunywa kwako. Hujawahi kuniuliza jina."

"Sijawahi."

"Wale watoto wa Kioo, pamoja na ujinga wao, jina huuliza."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa haki yake. "Nakuuliza leo," alisema.

Mlinzi akalitaja, na la baba yake, na la babu yake. Hapa halitaandikwa, mtu yule ameshaandikwa vya kutosha. Muuza kahawa alilirudia mara mbili kwa sauti mpaka likamkaa, na daftari hakulifungua. Alikuwa ameshainuka kuondoka mlinzi aliposema:

"Na wewe, unajua mtaa unakuitaje?"

"Mimi?"

"Mama Rudisha. Siku yangu ya kwanza hapa fundi alinionya: kahawa kunywa, lakini jihadhari na Mama Rudisha."

Miaka kumi na minne! Alivuka barabara bila hata kutazama magari, akiwataja moyoni wote waliomchekea mchana kutwa na kumwita mama kwa heshima. Alipofika kwa mumewe na kumwambia, mumewe akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Zuri," alisema. "Zuri kuliko yangu."

*

Jumanne aliuza vikombe kumi na kimoja. Jumatano, kumi na tisa. Kabla ya hapo, siku ikiwa mbaya, vilikuwa mia mbili. Kwa kumi na tisa hulipi hata mkaa.

Alhamisi asubuhi meneja wa Kioo alivuka barabara mwenyewe, kompyuta kwapani, binti nyuma yake na aproni yake ya chungwa. Alinunua kahawa, akalipa, akainywa hadi mwisho bila kukunja uso. Aliomba msamaha kwa yaliyotokea, na aliomba vizuri.

"Nimesikia una daftari, mama," alisema. "Lenye majina ambayo watu wenyewe wameyachagua. Wiki ijayo tunataka kurudia vikombe vya bure, safari hii kwa heshima. Mpe binti yako daftari, leo hii nasaini mkataba wake."

"Na nikikataa?"

Meneja hakuwa mkatili. Alisema kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. "Sisi tunaweza kupata hasara hapa miaka miwili, mama. Imo kwenye mpango, pesa yake imeshatengwa. Duka la pili tunafungua mwisho wa mtaa mwezi ujao. Wewe unaweza wiki ngapi?"

Muuza kahawa alitazama rafu yake iliyojaa vikombe. Wiki ngapi? Hata tatu zilikuwa nyingi. Akamfikiria mumewe, aliyelipia matembezi ya Jumanne kwa siku mbili za kutogeuka kitandani. Akavuta daftari kutoka chini ya sinia, akamsukumia mwanawe.

"Chukua," alisema. "Ni mgongo wa baba yako."

Binti akalichukua. Alilifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, midomo inamcheza kama mtoto anayejifunza herufi. Hapo palikuwa na watu wote aliowajua tangu utotoni, na hakumtambua hata mmoja. Akalifunga, akalirudisha mbele ya mama yake. Kisha akafungua kamba za aproni nyuma ya kiuno, akaikunja mara nne.

"Hawa walikutajia wewe," alisema. "Hawakunitajia mimi."

"Fikiri kwanza," meneja akamwambia.

"Nimefikiri tangu jana uliponigusia, dada. Baba mwenyewe ameniambia asubuhi: nikileta bima kwa daftari lile, hatalala upande wowote."

Meneja alipokea aproni. Alisimama kidogo kama anayetafuta ukurasa kwenye kitabu cha makao makuu, hakuupata, akavuka barabara.

"Umefanya ujinga," muuza kahawa alisema. Hakujua ni kwa hofu au ni kwa fahari.

"Najua, mama. Sinia liko wapi?"

*

Walianza upya Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu. Binti alikuwa amejifunza jambo moja Kioo ambalo hakulirudisha pamoja na aproni. Mtu husalimiwa kwanza, ndipo humiminiwa. Hakuita mtu kwa sauti. Alisogea karibu, akatamka jina ambalo mwenyewe alilichagua, akaweka kikombe. Kwa karani aliweka kisicho na sukari, na karani, baada ya kuangalia mlangoni, akanong'ona kwamba kijiko kimoja hakijawahi kuua mtu. Binti akamwambia amuulize mkewe kwanza.

Fundi alichukua viwili. Muuza viatu, aliyekuwa bado anafikiri, alichukua chake huku anasema kwamba bado anafikiri, na kufika saa tatu mtaa wote ulishajua kwamba amekichukua. Aliyewafungia mlango hakuufungua, na hata leo hajaufungua. Vijana wa Kioo nao walipita na vikombe vyao vya karatasi, safari hii bila majina, na wako waliopokea. Cha bure hakikataliwi na kila mtu.

Mgongo wa baba haukupona. Alikuwa nyumbani kwa ubavu wake mmoja, amevaa suruali ya kahawia iliyopunguzwa miguu sawasawa, anakaanga buni za kesho. Na duka la pili la Kioo lilikuwa linapakwa rangi mwisho wa mtaa. Muuza kahawa aliliona kila alipoinua kichwa, kwa hiyo akawa anakiinamisha, anamimina.

Mlinzi wa benki alikuja mezani mwenyewe, saa nne. Muuza kahawa alimwita kwa jina lake, lote, mpaka la babu. Mlinzi akaweka sarafu, zile zile za siku zote. Muuza kahawa akammiminia nusu, nusu kamili, wala hakuongeza tone. Walitazamana kidogo juu ya kikombe. Mlinzi akakichukua na kwenda nacho langoni.

Saa sita muuza kahawa aligeukia rafu. Palikuwa na vikombe ishirini na viwili, vingine vyote viko nje. Zamani angekasirika. Alichukua sinia tupu, akatoka hadi katikati ya barabara, akavuta pumzi, akapiga kelele iliyofika mpaka kwenye vile viti laini nyuma ya kioo.

"Rudisheni vikombe!"

Cherehani zikanyamaza. Fundi alikohoa. Muuza viatu aliziba mdomo kwa mkono. Kila mtu alikuwa na jibu ulimini, na hakuna aliyethubutu kulitoa. Ndipo sauti nzito ikatoka kwenye lango la benki, mbele ya foleni nzima, bila haraka wala aibu:

"Subiri kwanza, Mama Rudisha! Nusu hajamaliza nusu yake!"

Mtaa ukalipuka kwa kicheko, na mlinzi akacheka kuliko wote, koti limefungwa vifungo hadi juu, kikombe kimeinuliwa. Muuza kahawa alibaki amesimama na sinia tupu katikati ya barabara, machozi yanamtoka, akamsubiri amalize.